Kitini cha historia ya fasihi cha steshenari: kinunue, lakini ukitie viraka

Kidato cha tano kikishafungua, meza za mbele za steshenari nyingi katikati ya Dodoma, kuanzia Jamatini mpaka vichochoro vya kuzunguka Soko la Majengo, hujaa vitini vya masomo ya sanaa. Upande wa Kiswahili kinachoondoka haraka kuliko vyote ni kimoja cha jalada la plastiki na mgongo wa spairo, kurasa 84 za A4, hakina jina la mtunzi wala mwaka, kina kichwa kirefu kinachoahidi historia ya fasihi ya Kiswahili pamoja na uhakiki wa vitabu teule. Ni shilingi 6,000 kikiwa na spairo, 5,000 kikipigwa pini pembeni. Wanunuzi ni wanafunzi wa kidato cha tano na sita, watahiniwa wa kujitegemea, wanachuo wa ualimu na, tuseme ukweli, walimu wenyewe wanaotafuta cha kuandika ubaoni Jumatatu asubuhi.

Tumekipitia ukurasa kwa ukurasa, tukiwa na vitabu vyenyewe mezani. Sehemu ya ushairi na sehemu ya tamthiliya zinailipa hela yako. Sehemu ya historia, ukurasa wa 9 hadi 27, ina tundu kubwa: wanawake waliotunga na kuandika ama hawamo, ama wamo kwa majina yaliyovurugwa. Tundu hilo linazibika kwa karatasi nne za A4 na jioni moja ya kazi.

Tuanze na haki yake. Ushairi umeelezwa na mtu aliyewahi kuketi na shairi. Anatenganisha mshororo na kipande bila kubabaika, anasema wazi kuwa mizani ni silabi na si herufi, na anafika pale vitini vingi vinapoteleza: ile "m" au "n" inayosimama peke yake. "Mtoto" ni mizani tatu, m-to-to. "Nchi" ni mbili. "Mbuzi" nayo ni mbili, si tatu, kwa sababu "mbu" hutamkwa pamoja. "Binti" ni tatu, bi-n-ti. Mwanafunzi asiyelijua hili huhesabu shairi zima kombo kisha humlaumu mshairi.

Tamthiliya nazo zimeshughulikiwa vizuri, hasa Nguzo Mama ya Penina Muhando iliyotoka mwaka 1982, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kwenye orodha ya vitabu teule vya kidato cha tano na sita. Kitini kinaeleza kijiji cha Patata, nguzo iliyolala chini, na wanawake kuanzia Bi Moja hadi Bi Nane wanaojaribu kuisimamisha. Kinamtaja Bi Msimulizi na kueleza jinsi usimulizi wa hadithi za jadi ulivyoingizwa jukwaani. Kasoro yake ni hukumu ya mkato: eti mtunzi anaonesha kuwa "wanawake hawapendani". Mwenye kuisoma tamthiliya yenyewe anaona kila mmoja anaondolewa kwenye kazi ile na jambo lenye uzito: biashara ndogo inayomtegemea, mume mlevi, mjane ambaye ndugu wa marehemu wamezikalia mali zake. Umbea na wivu vimo, lakini vimo juu ya hayo yote. Jibu la mtihani linaloishia kwenye "hawapendani" ni jibu la mtu aliyesoma kitini peke yake, na msahihishaji analitambua kabla hajafika mstari wa tatu.

Sasa historia.

Kitini kinaanza na Fumo Liyongo, kinapita kwa tenzi za Pate, kinamtaja Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na Al-Inkishafi, kinasimama kwa Muyaka wa Mombasa, kisha kinaruka hadi Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela (1934), Shaaban Robert, Muhammed Said Abdulla na Mzimu wa Watu wa Kale (1960), halafu Kezilahabi na Rosa Mistika (1971). Mkondo huo ni sahihi. Kisha, ukurasa wa 26, kuna nusu ukurasa wenye kichwa "Wanawake katika fasihi". Ukisoma unakuta maneno yale yale yanayoandikwa ubaoni kila shule: mwanamke amechorwa kama mlezi, kama mshauri, kama jasiri, kama chombo cha starehe, kama mtu tegemezi. Mifano yote ni ya wahusika. Mwandishi mwanamke hata mmoja hatajwi hapo.

Huu si uzembe wa mtunzi wa kitini peke yake. Una mizizi miwili, na mwalimu anayetaka kuung'oa ni vizuri aijue yote.

Mzizi wa kwanza ni swali la mtihani. "Jadili nafasi ya mwanamke kama ilivyojitokeza katika riwaya mbili ulizosoma" limeulizwa na kuulizwa mpaka "mwanamke katika fasihi" ikawa na maana moja tu: mwanamke ndani ya kitabu, aliyechorwa. Aliyeshika kalamu amesahaulika. Kumeza ndoano hiyo ni rahisi kwa sababu vitabu vinavyozoeleka kidato cha tatu na nne vimeandikwa na kina Mbogo, Safari, Hanson, Semzaba na Reynolds, wanaume watupu, na kidato cha tano na sita Muhando amekaa peke yake katikati ya Shaaban Robert, Shafi Adam Shafi, Ebrahim Hussein, Said Ahmed Mohamed, Haji Gora na wenzao.

Mzizi wa pili uko ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili hakina kiwakilishi cha kike na cha kiume. Ukiandika "Balisidya anasawiri" au "Burhani anaonesha", ile "a-" haimwambii mwanafunzi chochote. Ongeza desturi ya kuandika jina kwa herufi za mwanzo, Z. Burhani, M. L. Balisidya, na mwanafunzi aliyezoea kwamba waandishi ni wanaume atajaza pengo kwa mwanamume. Kitini chenyewe kimeangukia humo: ukurasa wa 22 kinamwita Burhani "bwana huyu". Ni Zainab Burhani, mwandishi wa Mali ya Maskini (1981) na Mwisho wa Kosa (1987).

Majina ya ndoa yanaongeza tope. Kwenye ukurasa wa 24 kuna Penina Muhando mtunzi wa tamthiliya, na kwenye ukurasa wa 25 kuna Penina Mlama mtaalamu wa sanaa za maonyesho, kila mmoja na aya yake kana kwamba hawajawahi kuonana. Ni mtu mmoja, mzaliwa wa Berega mkoani Morogoro mwaka 1948, mahali ambapo si mbali na barabara inayopitwa na mabasi yote ya Dodoma kwenda Dar es Salaam. Vivyo hivyo, yule M. L. Matteru ambaye kila mwanafunzi humnukuu kwenye maana ya fasihi simulizi, na yule Ndyanao Balisidya aliyeandika riwaya ya Shida (1975), si watu wawili. May Lenna Balisidya, kwa jina la ndoa Matteru, ndiye huyo huyo. Kitini kimemgawa, nusu kikaiweka kwenye nadharia na nusu kwenye riwaya, na pote pawili hakuna kinachomwambia msomaji kuwa ni mwanamke.

Tiba ya hili haihitaji nadharia. Jina likitokea mara ya kwanza ubaoni au kwenye daftari, liandikwe lote, na jina la pili liandikwe ubavuni: Penina Muhando, baadaye Mlama. Zainab Burhani, si Z. Burhani. Mara ya pili na kuendelea unaweza kufupisha utakavyo. Kwa wanaume fanya hivyo hivyo, isije ikaonekana kuwa jina kamili ni alama ya mwanamke.

Kwa Mwana Kupona, mwanamke mtunzi wa utendi maarufu wa wasia kwa bintiye, kitini kimekosea sana, tena mahali ambapo wanafunzi wengi hawatapata kitabu cha kuwasahihisha. Kinamweka kwenye mistari minne, kinamwita "malenga wa Lamu wa karne ya 20", kinasema alimfundisha bintiye kwamba "mume ndiye kila kitu", kisha kinanukuu kipande kimoja hivi: "Njoo karibu binti yangu".

Karne kwanza. Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, ambaye alifariki mwaka 1856. Utendi aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, naye akafariki yapata 1860. Hiyo ni karne ya 19, nyuma ya Uhuru wa Watumwa kwa zaidi ya miaka 70. Katika mpangilio wa kitini angetakiwa kusimama mara baada ya Muyaka, aliyefariki mwaka 1840. Akisogezwa hapo, historia nzima inabadilika sura: msichana wa kidato cha tano anaona mwanamke kwenye mstari wenyewe wa historia, kabla ya riwaya ya kwanza, wala si kwenye nusu ukurasa wa nyongeza mwishoni.

Kipande je? Utendi una vipande vinne kwa kila ubeti, kila kipande mizani nane, vitatu vya mwanzo vikikubaliana kwa kina, yaani silabi ya mwisho inayofanana, na cha nne kikibeba kina kiitwacho bahari, kinachorudi mwisho wa kila ubeti. Kipande cha kwanza cha Mwana Kupona ni "Negema wangu binti". Hesabu: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti, nane kamili. Mtu fulani njiani aliona "negema" halieleweki, akatafsiri kwa Kiswahili sanifu bila kusema kuwa ametafsiri. Matokeo yake ni njo-o-ka-ri-bu-bi-n-ti-ya-ngu, mizani kumi. Sasa soma kitini hicho hicho kwenye sehemu ya ushairi, ukurasa wa 33, kinapomwambia mwanafunzi ahakikishe mizani nane kwa kila kipande cha utenzi. Mwanafunzi makini atadhani Mwana Kupona hakujua kutunga. Andika asili, halafu maana chini yake: "negema" ni sogea karibu, "pulika" ni sikiliza, "wasiati" ni wasia. Lahaja za kaskazini si kosa la kurekebishwa.

Na hilo la "mume ndiye kila kitu". Utendi huu una beti 102. Ndani yake upo wajibu wa mke, ndiyo, tena kwa urefu, na hakuna haja ya kuuficha: kumtunza mume, kumpokea, kumridhisha. Lakini Mwana Kupona anapozitaja radhi ambazo kiumbe anazihitaji, anataja tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ndiyo ya mume. Nafasi ya tano si nafasi ya kila kitu. Kuna pia mafunzo ya adabu kwa watu wa kila daraja, maneno ya mama anayejua kuwa anakwenda, na sehemu ndefu ya dua. Karibu na mwisho anawaita wanawake wausome na kuuelewa. Mtu hamwambii asome asiyejua kusoma. Mstari huo unatuambia jambo ambalo sura nzima za vitini hazisemi: mwaka 1858, kwenye visiwa vya Lamu na Pate, palikuwa na wanawake wasomaji, na mtunzi aliwategemea.

Kwa nini basi utendi umebaki na sifa ya utii tu? Sehemu ya jibu iko kwenye njia uliyopitia. Alice Werner aliuchapisha mwaka 1917, kisha yeye na William Hichens wakautoa kitabu mwaka 1934 kwa jina la Kiingereza lililougeuza wote kuwa ushauri kuhusu wajibu wa mke. Jina la jalada likawa tafsiri. Waliofuata wakanukuu jalada.

Kutoka hapo, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Kitini kinamtaja mara moja tu, kwenye orodha ya kazi za Shaaban Robert, kwa sababu Shaaban aliandika wasifu wake. Yaani msanii ameingia kwenye historia ya fasihi kama kichwa cha kitabu cha mwanamume. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1928 yeye na wenzake wakasafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, akafariki mwaka 1950. Nyimbo za kundi lake zilibeba habari za mahakama, dhuluma na maisha ya watu wa kawaida. Wimbo wa Kijiti, unaohusu mwanamke aliyeuawa na kesi iliyokwenda upogo, ni ushairi wa kijamii hata ukiupima kwa kipimo cha kitini chenyewe. Akae kwenye sehemu ya ushairi, kati ya Muyaka na washairi wa Tanganyika, au kwenye fasihi simulizi chini ya nyimbo. Popote pale, mradi asimame kwa jina lake.

Baada ya hapo kazi inakuwa nyepesi, maana miaka ya 1970 na 1980 ina majina ya kutosha. Mwaka 1975 peke yake zilitoka Shida ya Balisidya na Hana Hatia ya Martha Mvungi, ambaye mwaka huo huo alitoa pia mkusanyiko wa hadithi kwa Kiingereza. Muhando alikuwa ameshaandika Hatia (1972) na Tambueni Haki Zetu (1973), akaendelea na Heshima Yangu, Pambo, Talaka Si Mke Wangu, na baada ya Nguzo Mama akatoa Lina Ubani (1984). Amandina Lihamba aliipeleka Hawala ya Fedha jukwaani mwaka 1980 kutoka kwenye kazi ya Sembene Ousmane, na mwaka 1982 Lihamba, Muhando na Balisidya wakaandika kwa pamoja Harakati za Ukombozi. Zainab Mwanga alitoa Kiu ya Haki mwaka 1983. Upande wa Kenya, Ari Katini Mwachofi alitoa tamthiliya ya Mama Ee mwaka 1987, na Clara Momanyi akaja baadaye na Tumaini (2006). Kitini kinachoruka kutoka Rosa Mistika hadi Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi kimeyaruka mengi ya haya. Rosa Mistika ni riwaya kubwa, ila kuitumia peke yake kuelezea "mwanamke wa miaka ya 70" ni kumsikiliza jirani wakati mwenyewe yupo sebuleni.

Jambo moja linatushangaza kila tukiligusa. Shule nyingi za sekondari nchini zina klabu ya Tuseme, wasichana wanakutana, wanaigiza matatizo yao, wanajadili, wanawasilisha kwa uongozi. Mradi huo ulianza mwaka 1996 katika idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mbele yake walikuwa Penina Mlama na Amandina Lihamba. Msichana anaweza kuwa mwenyekiti wa Tuseme saa nane mchana na kuchambua Nguzo Mama saa nne asubuhi bila mtu kumwambia kuwa ni mkono mmoja uliovianzisha vyote viwili. Sentensi moja ya mwalimu inatosha. Kitini hakina hiyo sentensi.

Fasihi simulizi tuipite haraka, maana haina kosa baya, ina uvivu tu. Mifano yote ya nyimbo na ngoma ni ya pwani, na kwenye ukurasa wa 47 imeandikwa kuwa "kwa kawaida wapiga ngoma huwa wanaume". Kitabu kinauzwa Dodoma! Muheme ya Wagogo hupigwa na wanawake, ngoma ikiwa imebanwa kati ya mapaja, na ina uhusiano na unyago. Anayetaka kuiona na kuisikia, Chamwino haiko mbali, na kituo cha sanaa kilichopo huko huandaa tamasha la muziki wa Wagogo. Mstari huo ufutwe, muheme iwekwe.

Namna ya kutia viraka. Chukua karatasi nne tupu. Ya kwanza iwe ya Mwana Kupona, iingie baada ya ukurasa wa 14 pale Muyaka anapoishia: tarehe, mahali, idadi ya beti, muundo, radhi tano, na ubeti mmoja wa asili wenye maana ya maneno magumu. Ya pili iwe ya Siti, iingie kabla ya Shaaban Robert. Ya tatu ni ya miaka ya 1970 na 1980. Ichore safu nne, mwaka, jina kamili, kazi, utanzu, na iache mistari mitano mitupu chini, kwa sababu kazi mpya zitaongezeka. Ya nne ni ya majina yanayochanganya: upande wa kushoto jina linalokutwa vitabuni, kulia mtu mwenyewe. Karatasi hii ya nne ndiyo itakayochakaa mapema, basi iwe ya mbele kabisa. Usiandike kwa penseli, hufutika kwa kusuguana, na peni ya jeli huvuja kwenye plastiki pakiwa na joto. Peni ya kawaida inatosha.

Kwa mwalimu mwenye vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, kuna zoezi linalofanya kazi kuliko mhadhara. Dakika kumi za kwanza wanafunzi waandike majina kumi ya waandishi wa Kiswahili bila kufungua daftari, kisha wapige mstari chini ya wanawake. Mara nyingi itapigwa mmoja au hakuna. Dakika 30 wasome maeneo mawili yaliyofupishwa ubaoni: mjane katika Nguzo Mama, na Martha katika Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein (1988), mjane anayepambana na ukoo wa mumewe baada ya kifo. Tatizo ni lile lile, mjane na ukoo, mmoja katungwa na mwanamke na mwingine na mwanamume. Waulize ni nani anayepewa muda wa kusema, nani anazungumza na wanawake wenzake, na lawama inaangukia wapi. Dakika 25 za makundi, 15 za kuwasilisha. Tahadhari: wapo watakaokimbilia kusema mwanamke huandika vizuri kuhusu wanawake na mwanamume vibaya. Usiwaruhusu. Hussein amemfanya Martha kuwa mhimili wa tamthiliya yake, na Muhando hakuwaonea haya wanawake wa Patata. Wadai ushahidi wa tukio na mazungumzo kwa kila hoja, hoja tatu kwa kila kitabu, kama mtihani unavyodai.

Kwenye mtihani wenyewe, swali la "nafasi ya mwanamke" bado linahusu wahusika. Usilijibu kwa historia ya waandishi, utapoteza alama. Mahali pa maarifa haya ni utangulizi, sentensi moja yenye jina kamili na mwaka, na maswali yanayouliza dhima, itikadi au usuli wa mtunzi.

Mwisho ni uchapaji, ambao unatofautiana duka hadi duka, kwani kitini hiki ni kopi ya kopi. Kabla hujalipa, fungua mahali pane. Ukurasa wa 18: jedwali la washairi hukatika safu ya kulia. Ukurasa wa 31 na 32: nakala nyingi zimepanga kinyume. Ukurasa wa 52: kama wino umepauka hapo, mpaka wa 60 hutasoma kitu. Ukurasa wa 84: upo? Kwenye baadhi ya nakala kitini kinaishia 82, na zinazokosekana ni za maswali ya marudio. Tundu za spairo nazo hula herufi za mwanzo upande wa kushoto, kwa hiyo yule anayekibana kwa pini, ingawa hakilali vizuri mezani, mara nyingine ndiye anayekupa maneno yote. Ukitaka spairo, peleka zile karatasi zako nne kabla hajatoboa, umwoneshe kila moja inaingia wapi, na umwambie aache ukingo wa sentimita mbili na nusu.